Puto Angani mwa Kazeh

Tarehe 31 Januari 1863, mchapishaji Pierre-Jules Hetzel wa Paris alitoa riwaya ya kwanza ya Jules Verne, ile ya safari ya wiki tano katika puto. Wengi wanamfahamu Verne kwa nyambizi yake na kwa safari yake ya mwezini, lakini kazi yake yote hiyo ilianzia katika anga ya kwetu. Puto liitwalo Victoria linapaa kutoka Zanzibar tarehe 18 Aprili 1862. Ndani yake wamo watu watatu: Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy ambaye ni mwindaji, na Joe, mtumishi wa Daktari. Linavuka mrima, linapita juu ya milima ya Usagara, na kituo chake kikubwa cha kwanza huku bara ni Kazeh, hapa hapa ulipokuja kukua mji wa Tabora.

Nimefundisha fizikia Tabora kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sura ile ya Kazeh huirudia kila vijana wanaponiuliza juu ya tamthilia za sayansi wanazoziona kwenye televisheni, zile za vyombo vya angani, maroboti na mashine za kurudi zamani. Huuliza kama yanayoonyeshwa yanaweza kutokea. Swali ni zuri, ila ni nusu tu ya swali. Hadithi ya kisayansi hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza, inalingana na tunayoyajua juu ya maumbile? La pili, inazishika kanuni zake yenyewe toka mwanzo hadi mwisho? Na historia ya Kazeh imenifundisha kwamba vipimo hivyo viwili vinawahusu watu walio ndani ya hadithi sawasawa na vinavyoihusu mitambo.

Turudi miaka michache kabla ya Verne. Mwaka 1856 wanajiografia wa Ulaya walikuwa wakibishania ramani ya wamisionari wawili wa Kijerumani waliokaa pwani yetu, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Ilionyesha ziwa moja la ajabu katikati ya bara, refu kutoka karibu na ikweta hadi mbali kusini, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Wawili hao hawakutunga uongo. Walikusanya maneno ya watu wa misafara. Aliyetoka Kilwa alisema mwisho wa njia yake ni maji makubwa. Wa Bagamoyo alisema vivyo hivyo, na wa Tanga naye. Wamisionari wakahitimisha kwamba maji yale ni mamoja. Kila shahidi alisema kweli. Kosa lilikuwa katika kuunganisha.

Kosa hilo lilifunguliwa Kazeh. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Zanzibar Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Aliyewapokea na kuwatunza ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyeijua njia ya Karagwe na aliyekuwa amefika hata Buganda. Alipoelezwa habari ya ziwa lile moja, aliwaambia kwamba wamisionari wameyachanganya maziwa matatu: Nyasa upande wa kusini, ziwa la Ujiji, yaani Tanganyika, upande wa magharibi, na Ukerewe upande wa kaskazini. Snay na wapagazi wa Kinyamwezi walilijua jambo hilo kwa miguu yao. Mwaka uliofuata Speke alifuata maelezo hayo kwenda kaskazini, akafika Mwanza, akaliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, kisha akarudi Kazeh akisema kwamba amepata chanzo cha Nile. Burton hakukubali. Ugomvi wao, uliokuja kuitikisa London, ulianzia chini ya paa la tembe la Unyanyembe, nchi ilimokuwa Kazeh.

Speke alikuwa na ushahidi mmoja ambao mwanafunzi yeyote wa Tabora anaweza kuujaribu. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu, kwa sababu kanieneo ya hewa hupungua. Hapa Tabora, kwenye kimo cha kama mita 1,200, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala hayafiki 100 ya pwani. Kwa kutazama kipimajoto ndani ya sufuria inayochemka, msafiri anaweza kukadiria kimo cha mahali alipo. Ziwa la kaskazini Speke alilipa futi 3,740. Leo tunajua kwamba liko kwenye kimo cha mita 1,134, yaani kama futi 3,720. Hicho ni kipimo cha kumpigia makofi. Lakini kwa njia hiyo hiyo Tanganyika lilipewa futi 1,844, na ukweli ni zaidi ya futi 2,500. Tarakimu hiyo mbovu iliingia katika mabishano ya miaka mingi juu ya kama Tanganyika linaweza kumwaga maji yake katika Nile. Mwaka 1858, upande wa kaskazini wa ziwa, wenyeji walikuwa wamekwisha kuwaambia Burton na Speke kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Ilibidi Livingstone na Stanley wapige makasia hadi huko Novemba 1871 ndipo maneno ya wenyeji yakaaminiwa.

Hayo ndiyo mazingira aliyoandikia Verne. Hakuwahi kufika kwetu. Aliwasoma wasafiri, akapima ushahidi, akachagua upande wa Speke: Victoria linatoka Kazeh, linafika ziwa la kaskazini, linaufuata mto unaotoka humo, na Daktari Fergusson anathibitisha kwamba ndio Nile. Speke mwenyewe alisimama kwenye maporomoko ya mto huo tarehe 28 Julai 1862, lakini dunia haikuwa na habari. Kitabu cha Verne kilipotoka Paris, Speke na mwenzake Grant walikuwa bado njiani. Walifika Gondokoro katikati ya Februari 1863. Mtunzi alitangulia habari kwa kufuata hoja iliyokuwa na nguvu zaidi, na hoja hiyo ilikuwa imetoka Kazeh.

Sasa tulipime puto. Verne aliona tatizo la kweli la maputo ya siku zake: ili kupanda ulitupa uzito, ili kushuka ulitoa gesi, na vyote viwili vikiisha safari imekwisha. Suluhisho lake ni kupasha joto haidrojeni iliyomo ndani ya puto. Ikipata joto inatanuka na puto linapanda, ikipoa linashuka, bila kupoteza chochote. Hapo fizikia yake ni safi. Joto analipata hivi: betri ya Bunsen inayatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha gesi hizo mbili zinachomwa pamoja. Anachukua maji yatakayotoa ratili 200 za oksijeni na ratili 25 za haidrojeni. Uwiano wa nane kwa moja ni ule ule tunaoufundisha darasani.

Ugumu uko kwenye nishati. Haidrojeni na oksijeni zikiungua hurudi kuwa maji, na joto zinalotoa haliwezi kuzidi nishati iliyotumika kuyatenganisha maji hayo. James Joule na Hermann von Helmholtz walikuwa wameyaeleza haya tangu miaka ya 1840. Kwa hiyo kuni halisi za Victoria si maji. Ni zinki inayoliwa ndani ya betri. Kila gramu 18 za maji zinadai angalau gramu 65 za zinki. Kwa ratili 225 za maji, zinki inazidi ratili 800, bila kuhesabu asidi.

Tuiweke hesabu hiyo katika kipimo cha njia yetu ya misafara. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Zinki peke yake ni mizigo karibu 12. Puto zima pamoja na abiria, chakula na vyombo, kwa hesabu ya Verne, ni ratili 4,000, sawa na mizigo 57. Mafuta ya taa yangetoa joto lile lile kwa ratili zisizozidi 80, mzigo wa mpagazi mmoja na kidogo. Huwapa wanafunzi zoezi hili lote, na huwaambia kwamba kosa la Verne lina thamani kubwa kwa sababu linahesabika. Ametoa tarakimu. Amekubali kukaguliwa. Mtunzi anayeandika tu kwamba chombo kinakwenda kwa nguvu za ajabu hakosei kamwe, na hafundishi kitu.

Katika kipimo cha pili, Verne anashinda kabisa. Akishaweka kanuni ya mtambo wake, haivunji. Jangwani upepo unakufa na maji yanakaribia kuisha, na wasafiri wanabanwa: maji ya mtambo ndiyo maji ya kunywa. Baadaye tai wanalirarua puto la nje, maana yapo mawili, moja ndani ya jingine, nalo linatupwa. Kila ratili inahesabiwa, na Joe anajirusha katika ziwa lililo chini yao ili wenzake wapande. Mwishoni, mbele ya Mto Senegal, gesi imekwisha na mtambo umetupwa. Wanakoka moto wa majani makavu, wanalijaza puto hewa ya moto, wanavuka. Hakuna msaada unaodondoka kutoka nje ya kanuni zilizowekwa mwanzoni. Msomaji anayejua kwamba zinki haitoshi bado anaogopa pamoja na wasafiri, kwa kuwa ndani ya hadithi hesabu inafungwa.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo naliheshimu. Njiani kabla ya Kazeh, Kennedy anashikwa na homa. Daktari anachochea joto, puto linapanda juu ya mawingu, na katika jua na hewa safi mgonjwa anapona. Leo tunajua kwamba malaria huletwa na mbu. Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vyake. Lakini mwaka 1863 madaktari wa Ulaya waliamini kwamba homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Kama hiyo ndiyo sababu, kupanda juu ya hewa hiyo ni tiba inayofuata kwa mantiki. Verne alikuwa sahihi kwa sayansi ya siku zake na thabiti ndani ya hadithi yake. Mtunzi hadaiwi ajue yatakayogunduliwa miaka 34 baadaye. Anadaiwa asikilize yanayojulikana leo.

Sasa tufike Kazeh kwenyewe, maana hapa ndipo ukaguzi unapoingia ndani. Burton aliyaeleza matembe ya Waarabu: majengo marefu ya mstatili yaliyozunguka ua, paa bapa la udongo, milango ikitazama ndani, na bustani na ghala humo humo. Kazeh, kwa maelezo yake, ilikuwa kama nusu dazeni ya majengo ya namna hiyo. Katika riwaya ya Verne, Kazeh imekuwa mashimo sita makubwa yaliyochimbwa ardhini, na nyumba na bustani zikiwa ndani ya mashimo! Uwazi wa ua umesomwa kama uwazi wa shimo. Mtu yeyote aliyewahi kuingia katika tembe, hata lile la Kwihara nje kidogo ya mji, ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, angelisahihisha kwa sentensi moja.

Kisha uje mwezi. Watu wa Kazeh wanaliona puto wakadhani ni mwezi umeshuka, na wasafiri ni wana wa mwezi. Wanamwomba Fergusson amtibu mtawala wao aliyedhoofishwa na ulevi. Daktari anashuka, anamhudumia, na mara mwezi wa kweli unachomoza, mwekundu kama mpira wa moto. Watu wanaona miezi miwili, wanajua wamedanganywa, wasafiri wanakimbilia puto. Hadithi yote ya Kazeh inategemea mwezi huo kuchomoza kwa wakati unaofaa.

Lakini tarehe imetajwa, na tarehe hukaguliwa. Wasafiri waliondoka Zanzibar Aprili 18 na kufika Kazeh baada ya siku mbili, yaani Aprili 20. Mwaka 1862 Pasaka iliangukia Aprili 20. Jumapili ya Pasaka huja baada ya mwezi mpevu, na mwaka ule mwezi ulikuwa umepevuka kama siku sita nyuma. Kwa hiyo usiku ule angani mwa Kazeh mwezi ulikuwa umebaki nusu, na ulichomoza usiku mwingi, karibu na saa tano au sita. Mpira wa moto haukuwapo. Kalenda ya mwaka ule ilimtosha mtunzi kulijua hilo bila kuondoka Paris.

Hata hivyo mwezi si kosa kubwa. Kosa kubwa ni watu. Verne amepima gesi kwa ratili, ila akili za wakazi wa Kazeh hakuzipima hata kidogo. Hebu tuwatazame kwa historia. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na misafara yao wenyewe tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Walilima wakati wa mvua na kusafiri wakati wa kiangazi, na mtu anayepanga safari ya miezi mingi hivyo anaijua mienendo ya mwezi na majira. Walijua bei ya pembe Zanzibar, walitofautisha nguo za merikani na za kaniki kwa kugusa, walibishana juu ya posho na uzito wa mzigo, na hongo ya Ugogo, yaani ushuru wa njia, walikuwa wameihesabu kabla ya kuanza safari. Hao ndio wanaosimuliwa kwamba walichukua puto la kitambaa mchana kweupe wakalidhani mwezi.

Na Kazeh ya Aprili 1862 haikuwa imekaa kusubiri miujiza. Unyanyembe ilikuwa vitani. Mtemi Mnywa Sele alikuwa ameondolewa kitini na Waarabu, ambao walimuunga mkono Mkasiwa badala yake, naye Mnywa Sele akipigana na kuziba njia. Snay bin Amir, mwenyeji wa Burton na Speke, aliuawa katika vita hivyo mwaka 1861. Watu waliokuwa wakiishi hivyo, wangeona chombo kinaning'inia juu yao na watu wenye bunduki ndani, wangeuliza maswali mazito. Mmetumwa na nani? Mnaona umbali gani kutoka huko juu? Mko upande wa Mkasiwa au wa Mnywa Sele? Mna nguo kiasi gani, na hongo yetu iko wapi?

Sura hiyo ingekuwa ya kusisimua kuliko ile iliyoandikwa, nayo ingefuata mantiki. Fergusson angelazimika kujadiliana. Maarifa yake ya anga yangekutana na maarifa ya watu wanaojua kununua, kuuza na kupigana. Verne aliinyima hadithi yake nguvu hiyo, na chuki iliyoenea Ulaya dhidi ya Waafrika ikaingia katika kitabu cha sayansi kama kipimo kibovu kinavyoingia katika ramani: imeandikwa na mtu mwenye sifa ya usahihi, basi wasomaji wakaiamini.

Kutoka hapo hadi televisheni ni hatua fupi. Mwaka 1962 Irwin Allen wa Marekani alitengeneza filamu kutokana na riwaya ile. Zanzibar ilibaki, lakini safari iligeuzwa kuwa mbio za kuwahi Mto Volta, Afrika Magharibi. Miaka iliyofuata Allen aliingia kwenye televisheni akatoa tamthilia za sayansi zilizotazamwa sana, mojawapo Lost in Space, iliyoanza mwaka 1965. Huko umbali kati ya nyota na kanuni za vyombo vilibadilika kufuata haja ya wiki ile. Mwaka 1966 ikaja Star Trek ya Gene Roddenberry, iliyojaribu njia nyingine: waandishi wake walipewa mwongozo wa kanuni za chombo, na miswada ilipelekwa kwa ofisi ya utafiti iliyokagua makosa kabla ya kurekodi. Nawapongeza kwa hilo.

Lakini tazama kipindi cha The Changeling, kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu yote ya Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na wahudumu wa tiba wanaanza kumfundisha kusoma upya kama mtoto. Anapokwama, anasema Kiswahili! Mtazamaji wa kwetu hufurahi kuisikia lugha yake, nami nilifurahi. Kisha inabidi aulize: kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimebakije? Na kama kimebaki, basi utoto wake, watu wake na mafunzo yake vilibaki pia, na hadithi ilipaswa kushughulika na hilo. Badala yake tunaahidiwa kwamba baada ya muda mfupi atarudi kazini, na jambo likaishia hapo. Vyombo vya angani vilipewa ofisi ya kuvikagua. Maisha ya mwanamke huyu mwenye asili ya Afrika hayakupata mtu wa kuuliza yanashikana vipi.

Leo wapo vijana wa Tabora wanaoandika hadithi zao za sayansi, na wengine wanatamani kuzitengenezea vipindi. Wanaponiletea kurasa zao nawataka watoe tarakimu, kwa maana tarakimu hukaguliwa. Nawataka wakishaweka kanuni waishike hata inapowatesa. Na kila wanapomleta mhusika wa Kigoma, wa nchi ya mbali au wa sayari nyingine, nawaomba wafanye alichokifanya Speke alipokuwa na busara, yaani kumkalisha Snay bin Amir na kumuuliza: mtu wa hapa anajua nini, anahitaji nini, na angefanya nini? Hesabu ya gesi ikifungwa na ya watu ikaachwa wazi, kazi bado haijafika kwenye usahihi. Ziwa moja la ramani ya 1856 liligawanyika kuwa matatu siku ile watu wa njia walipoulizwa. Mtunzi wa sayansi naye na aulize kabla hajachora.